Uzi: Namba ya mtutu kulingana na namba ya bunduki si ushahidi kwamba mtutu huo ni wa asili

Fundi wa Mikindani (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimefanya kazi ya vyuma kwa miaka mingi, kwanza katika karakana mjini Mtwara na sasa nyumbani Mikindani. Kwa muda sasa watu wanaotunza vitu vya kale katika mikoa yetu miwili, Lindi na Mtwara, wamekuwa wakiniita niwasaidie kusoma alama za bunduki za vita zilizobaki mikononi mwao. Naanzisha uzi huu kwa ajili ya kosa moja ambalo nimelikuta mara nyingi mno, na ambalo hata mimi nililiamini kwa muda mrefu: kwamba namba iliyogongwa kwenye mtutu ikilingana na ile iliyogongwa kwenye mwili wa bunduki, yaani chuma cha kati ambacho mtutu hufungwa ndani yake, basi mtutu huo ndio uliotoka nao kiwandani. Si kweli, na kwa bunduki za Waingereza hasa, kuliamini jambo hilo kunatupoteza njia kabisa.

Nianze na bunduki yenyewe. Taasisi moja mkoani Lindi, iliyo kando ya barabara iendayo Masasi, ina chumba kidogo cha kumbukumbu, na ndani yake kuna bunduki ya jeshi la Uingereza aina ya Lee-Enfield iliyotunzwa kwa kibali. Ilitoka katika familia moja ya hapo jirani, ikirithiwa kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa kama ilivyo desturi yetu. Kibao chake kilisomeka kwamba bunduki hiyo ilitumika vitani Mahiwa mwezi Oktoba 1917 na kwamba sehemu zake zote ni za asili kwa kuwa namba zake zinalingana. Wenyeji wa huku hawahitaji kuelezwa Mahiwa ni nini, lakini kwa msomaji wa mbali niseme kwamba ni pale karibu na Nyangao, ambapo kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck lilipambana na majeshi ya Uingereza yaliyokuwa yakisonga kutoka Lindi, yakiwamo ya Wanaijeria na ya King's African Rifles (jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), na watu wengi sana walikufa pande zote mbili. Bunduki iliyokuwapo pale si chuma cha kawaida. Ndiyo maana nilitaka kuwa na uhakika kabla ya kukubali maneno ya kibao.

Jambo la kwanza lilikuwa usalama, na sitalirudia tena katika uzi huu. Bunduki ya kale huchukuliwa kuwa ina risasi mpaka uthibitishe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, yaani pale risasi inapokaa, ni tupu. Haifyatuliwi, hata kwa mzaha. Umiliki wake unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kwa hiyo mtu anayeikuta shambani au darini aende polisi kwanza, habari za namba na alama zitafuata baadaye.

Katika Lee-Enfield fupi ya wakati ule, mwaka wa kutengenezwa kwa bunduki umegongwa upande wa kulia wa shingo ya chuma inayoshika kitako, chini ya taji na herufi za mfalme na pamoja na jina la kiwanda. Yetu ilisomeka 1916. Namba ya bunduki imegongwa kwenye pete ya mbele ya mwili, ikarudiwa kwenye sehemu nene ya nyuma ya mtutu, kwenye mkono wa komeo (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma), chini ya ubao wa kilengeo cha nyuma na kwenye kifuniko cha chuma cha mbele. Zote zililingana isipokuwa ya komeo. Mpaka hapo, ukiacha komeo, kibao kilikuwa na haki yake.

Kisha nikaomba ruhusa ya kuondoa kifuniko cha mbao kilicho juu ya mtutu. Chini yake, upande wa kushoto wa sehemu ile nene, Waingereza walikuwa na desturi ya kugonga mwaka wa kutengenezwa kwa mtutu wenyewe, kwa tarakimu mbili tu. Nilimulika tochi kwa ubavu, nikapaka chaki laini juu ya chuma na kuifuta taratibu kwa kidole ili ibaki ndani ya alama, na tarakimu zikatokea wazi: 42.

Mtutu wa mwaka 1942 kwenye mwili wa mwaka 1916, na namba zinalingana.

Maelezo yake ni mepesi kwa anayejua kazi ya fundi silaha wa jeshi. Mtutu ni sehemu inayochakaa. Risasi huula, kutu huula, hata kamba ya kusafishia huula mdomo wake. Mtutu ukichoka, fundi huufungua, hufunga mpya, kisha huugonga namba ileile ya mwili ili silaha ibaki na utambulisho mmoja katika daftari. Hakuna udanganyifu wowote hapo. Ni utaratibu wa kazi. Namba inamwambia karani kwamba mtutu huu ni wa bunduki hii, lakini haimwambii mtu yeyote kwamba umekuwa wa bunduki hii tangu mwanzo. Anayetaka kujua hilo la pili hana budi kutafuta tarehe, mihuri ya ukaguzi na umbo la tarakimu zenyewe.

Umbo la tarakimu ni somo peke yake, na mimi hulipenda kuliko yote. Kwenye mwili wa bunduki ile tarakimu zilikuwa zimesimama sawa kama watoto kwenye foleni ya shule, kimo kimoja na kina kimoja. Kwenye mtutu zilikuwa za ukubwa mwingine kidogo, moja imeinama, nyingine imezama zaidi ya mwenzake, jinsi zinavyokuwa mtu anapogonga tarakimu mojamoja kwa nyundo ya mkono juu ya meza ya karakana. Nami nimegonga namba za mashine kwa namna hiyohiyo maisha yangu yote. Mkono ule niliutambua kabla sijauona mwaka.

Naomba pia tusikimbilie upande wa pili. Tofauti ndogo ya tarehe haina maana kwamba mtutu umebadilishwa. Viwanda vilitengeneza mitutu kwa wingi na kuiweka akiba, kwa hiyo mtutu wa mwisho wa mwaka 1915 kwenye mwili wa mwaka 1916 ni jambo la kutarajiwa. Miaka 26 ni habari nyingine.

Binti wa Sudi

Shikamoo Fundi, na ahsante kwa uzi huu.

Kwetu Sudi kila mtu amekua akisikia habari za meli ya Wajerumani iliyoingia ghubani wakati wa vita ikiwa na silaha. Kuna mzee wa ukoo wetu ambaye marehemu baba yake alikabidhi serikalini bunduki ndefu ya Kijerumani, na ninazo picha zilizopigwa kabla ya kuikabidhi. Picha moja inaonyesha taji na maandishi juu ya chemba, nyingine inaonyesha namba yenye herufi ndogo mwishoni. Je, kwa bunduki za Kijerumani pia kuna mwaka wa mtutu wa kutafuta? Na je, picha zinaweza kutosha kusema kama mtutu ulikuwa wa asili?

Fundi wa Mikindani

Marahaba, mwanangu. Umeuliza jambo ambalo ni letu hasa sisi watu wa pwani ya kusini.

Meli hiyo ni Marie, iliyoingia ghuba ya Sudi mwezi Machi 1916 baada ya kupenya ulinzi wa meli za Waingereza. Ilileta mizinga, bunduki, risasi na dawa, na mizigo hiyo ilibebwa na wapagazi kwa vichwa na mabega kwenda bara. Kabla yake, mwezi Aprili 1915, meli nyingine, Rubens, ilizamishwa katika ghuba ya Mansa kaskazini mwa Tanga, na shehena yake ikaopolewa kutoka majini. Umuhimu wa meli hizi ni kwamba vita ilipoanza mwaka 1914 kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado zinatumia bunduki ya Kijerumani ya Mauser ya mwaka 1871, yenye mtutu wa milimita 11 na baruti nyeusi iliyotoa moshi mzito wa kumfichua mpigaji. Meli ndizo zilizoongeza bunduki za kisasa za mwaka 1898.

Sasa kuhusu mtutu. Mauser ya mwaka 1898 kwa kawaida haina mwaka kwenye mtutu kama Lee-Enfield. Taji, jina la kiwanda na mwaka vimegongwa juu ya pete ya chemba, yaani kwenye mwili. Namba ni ya tarakimu zisizozidi nne kwa kawaida, na viwanda vilianza upya kila mwaka. Bunduki zilipofika elfu kumi ndani ya mwaka mmoja waliongeza herufi ndogo na kuanza kuhesabu tena. Kwa hiyo namba bila herufi, au herufi bila mwaka na kiwanda, haitambulishi bunduki yoyote. Bunduki nyingi tofauti zina namba moja, na nimewahi kuona watu wazima wakibishana kwa ukali kwa sababu ya kutolijua hili.

Kwenye mtutu utakuta namba ileile pamoja na herufi yake, mihuri midogo ya wakaguzi yenye taji juu ya herufi, tai wa majaribio ya kufyatua, na mara nyingi alama ya mtengenezaji wa chuma pamoja na namba ya kundi la chuma hicho. Mtutu wa asili huwa na mihuri inayofanana kwa sura na ile ya mwili kwa sababu mtutu na mwili vilipita mikononi mwa wakaguzi wa kiwanda kilekile. Mtutu wa akiba uliofungwa baadaye unaweza kuwa na namba inayolingana huku mihuri yake ikiwa ya mahali pengine.

Kuna alama moja ambayo naomba uitafute kwenye picha zako kwa makini, ukiwa na kioo cha kukuza. Mahali mtutu unapokutana na mwili, fundi wa kiwanda alipiga mstari mfupi kwa patasi, nusu yake kwenye mtutu na nusu kwenye mwili, kwa pigo moja. Mstari huo ulimwezesha yeyote atakayeufungua mtutu kuurudisha pale pale. Kama mistari miwili imeungana na kina chake ni kimoja, mtutu huo ama haujawahi kutoka au ulitoka ukarudi wenyewe. Kama mstari wa mtutu umepita ule wa mwili, au kuna mistari miwili upande mmoja na mmoja upande wa pili, hapo kuna mtutu mwingine. Kwangu mimi alama hii ina uzito kuliko namba zote, kwa sababu wanaoghushi hukumbuka namba na kuusahau mstari.

Pima na urefu, ikiwa picha ina kitu cha kulinganishia. Mtutu wa Mauser ndefu ya 1898 ni milimita 740. Ile fupi ya wakati wa vita hiyohiyo ni 590, na ile ya vita ya pili ni 600. Kwenye bunduki halisi hupimwa kwa kuingiza kijiti kinyoofu cha mbao kupitia mdomo wa mtutu mpaka kiguse uso wa komeo lililofungwa, chemba ikiwa imehakikishwa kuwa tupu, kisha unatia alama kwenye kijiti pale mdomoni. Baada ya vita Mauser nyingi zilikatwa mitutu ili ziwe bunduki za kuwindia, na kilengeo cha mbele kikaunganishwa upya. Mtutu uliokatwa bado ni wa asili, ila hauko katika hali yake ya asili, na kibao kinapaswa kusema yote mawili.

Ukiona juu ya chemba mwaka 1920 umegongwa karibu na mwaka wa kwanza, ujue kwamba bunduki ilibaki katika jeshi la Ujerumani baada ya vita. Ukiona herufi T.C. na neno Ankara, ilipita Uturuki, ambako Mauser za kale zilitengenezwa upya kwa wingi na nyingi zikafungwa mitutu mipya. Bunduki yenye alama hizo haikushuka Sudi mwaka 1916, hata kama mwili wake una mwaka 1915 na hata kama aliyeiuza alikula kiapo.

Kuhusu swali lako la picha: zinatosha kukataa, hazitoshi kukubali. Alama moja ya Ankara inamaliza kesi. Lakini kusema kwamba mtutu ni wa asili kunahitaji kuuona ndani, kuupima na kuuangalia chini ya mbao.

Mwalimu wa Nachingwea

Fundi, nashukuru kwa maelezo, nami nina hoja ya kupinga kidogo. Nimewahi kuonyeshwa Lee-Enfield ambayo mtutu wake kwa ndani unang'aa kama kioo, mifuo yote (mifereji ya ndani inayoizungusha risasi) mikali. Waliokuwa nayo walisema mng'ao huo ndio uthibitisho kwamba ni mtutu wa asili uliotunzwa vizuri tangu vita ya kwanza. Hoja hiyo ilinishawishi, kwa sababu wazee wa jeshi la zamani walikuwa na nidhamu kubwa ya usafi. Je, nimekosea?

Niongeze pia kwamba huku kwetu Nachingwea ni lazima tuwe waangalifu kwa sababu nyingine: Frelimo walikuwa na kambi ya mafunzo hapa wakati wa ukombozi wa Msumbiji, na kabla ya hapo Waingereza walikuja na mradi wa karanga mwaka 1947. Silaha za kale zilizopita hapa haziwezi zote kuwa za mwaka 1917.

Fundi wa Mikindani

Mwalimu, nyongeza yako ni ya thamani na ningeomba kila mtu aisome mara mbili. Bunduki hufika mahali kwa njia nyingi, na vita maarufu huvuta hadithi zote upande wake.

Kuhusu mng'ao, naona mambo kinyume. Risasi za wakati ule ziliwashwa kwa fataki (viwashio vidogo vilivyo nyuma ya risasi) zenye klorati ya potasiamu. Kila ilipofyatuliwa, klorati iligeuka kuwa kloridi ya potasiamu, ambayo ni chumvi, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani, nayo hunasa unyevu wa hewani na kuuweka juu ya chuma. Mafuta peke yake hayaiondoi, kwa kuwa chumvi huyeyuka katika maji na si katika mafuta. Ndiyo sababu askari wa Uingereza walifundishwa kumwaga maji ya moto ndani ya mtutu baada ya kufyatua, kisha kuukausha na kuupaka mafuta. Sasa fikiria kampeni ya mwaka 1917 kati ya Lindi na Masasi, masika yaliyopita yalivyokuwa, maji ya kuchemsha yakiwa haba, watu wakiugua na kutembea usiku. Mtutu uliopita hapo na kung'aa kama kioo baada ya zaidi ya miaka mia moja katika hewa ya pwani unanitia shaka zaidi ya ule wenye vidonda vya kutu. Sikatai kwamba inawezekana. Nasema kwamba mng'ao unamlazimu mtu atafute tarehe ya mtutu, badala ya kumruhusu aache kutafuta.

Angalia pia mdomo. Kamba ya kusafishia, ikivutwa kwa pembe mwaka hadi mwaka, huula ukingo wa mdomo upande mmoja mpaka tundu linaacha kuwa duara kamili. Mtutu wenye mifuo mikali kote lakini mdomo ulioliwa ulitumika na kusafishwa kwa miaka mingi. Mtutu usio na dalili yoyote, si ya kutu wala ya kamba, huenda haukufanya kazi sana.

Kisha hesabu mifuo. Lee-Enfield ya asili ina mifuo mitano inayozunguka kwa kushoto, mzunguko mmoja katika inchi 10, yaani milimita 254. Lee-Metford iliyotangulia ilikuwa na mifuo saba isiyo na kina, na baruti mpya ya kodaiti iliila haraka kwa joto lake, ndiyo maana mwaka 1895 Waingereza wakabadilisha. Mauser ya 1898 ina mifuo minne inayozunguka kwa kulia. Kuhesabu hakuhitaji mashine: karatasi nyeupe kwenye chemba, tochi ikiimulika karatasi, jicho mdomoni. Mzunguko hupimwa kwa kijiti chenye kitambaa kilichobana. Kisukume taratibu, kiache kizunguke chenyewe, uangalie kimesafiri umbali gani kabla alama uliyoitia haijarudi juu.

Hapa kuna mtego ambao umewanasa hata mafundi wazuri. Mtu huchukua kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, hupima tundu la mdomo wa Lee-Enfield, hupata tarakimu ya ajabu, kisha hutangaza kwamba mtutu umetobolewa upya. Mifuo ikiwa minne, mfuo mmoja hutazamana na mfuo mwingine, kwa hiyo kalipa hupima kipenyo cha mfuo moja kwa moja. Ikiwa mitano, mfuo hutazamana na tuta lililo kati ya mifuo, na kalipa haipimi kipenyo chochote halisi. Kwa mifuo mitano tunamimina nta laini mdomoni, inaganda, tunaitoa ikiwa na sura yote ya ndani, kisha tunapima nta hiyo kwa subira. Nimepoteza siku nzima kulijua hili, na sitaki mwingine apoteze yake.

Mwisho, mulika ukingo wa mdomo. Ukiona pete nyembamba, kama mstari wa nywele unaozunguka tundu, mtutu umetiwa mrija mpya ndani. Kwa nje ni wa kale kabisa, namba na mihuri ikiwa mahali pake, na kwa ndani ni mpya. Bunduki ya waliokuonyesha, Mwalimu, ningeanzia hapo.

Mpwa wa Newala

Habari zenu wakubwa. Kwetu Newala Wareno walivuka Ruvuma mwaka 1916, wakakaa, kisha wakafukuzwa. Je, bunduki zao zina alama gani? Mjomba wangu alinionyesha chuma chenye taji ambalo si la Kiingereza wala la Kijerumani.

Fundi wa Mikindani

Mpwa wangu, Wareno walitumia Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904, iliyotengenezwa Ujerumani kwa ajili yao, yenye mtutu wa milimita 6.5 na alama ya mfalme Carlos wa Kwanza chini ya taji, juu ya chemba. Si ajabu kuikuta upande wetu wa mto. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno ya Ngomano, akiwa amekwisha kutumia karibu risasi zake zote zisizo na moshi pale Mahiwa, na tangu hapo askari wake walibeba zaidi bunduki za kuteka, za Wareno na za Waingereza.

Kwa mtutu, jambo la kuangalia ni moja kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Ureno ilibadilisha sehemu ya bunduki hizo ili zitumie risasi ya Kijerumani ya milimita 7.92, na mitutu ikawa mifupi. Vergueiro yenye mtutu mfupi wa 7.92 haikuwa katika hali hiyo wakati wa vita ya kwanza. Mwambie mjomba asiisugue, wala asiifungue, na kama hajaitolea taarifa polisi, mfuatane wote wawili.

Mzee wa Masasi

Fundi, nimesoma yote kwa utulivu. Naifahamu familia iliyotoa bunduki unayoizungumzia mwanzoni, na nasema kwa heshima kwamba maneno yako yameumiza. Kwa miaka mingi watoto wa shule wamepelekwa pale kuiona bunduki ya Mahiwa. Sasa wanaambiwa mtutu ni wa mwaka 1942. Umewapa nini badala ya ulichowanyang'anya?

Fundi wa Mikindani

Shikamoo Mzee. Nimekaa na swali lako siku mbili kabla ya kujibu, na nimekwenda mwenyewe kuiona familia, kwa sababu jambo hili halifai kujibiwa kwa maandishi peke yake.

Nilimkuta bibi wa ukoo, naye alinieleza habari ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Katika ukoo wao walikuwapo watu wawili. Mjomba mkubwa alichukuliwa wakati wa vita ya kwanza, na mpwa wake akaingia King's African Rifles wakati wa vita ya pili na kufika Burma. Bunduki ilikuja nyumbani na huyo mpwa, miaka kadhaa baada ya vita, alipopewa kazi ya kulinda mashamba dhidi ya tembo. Watoto walipokua, wajomba wawili wakawa mmoja katika masimulizi, na vita mbili zikawa moja. Bibi aliposikia kwamba mtutu ni wa 1942 alinyamaza kidogo, kisha akataja jina la mpwa yule na akaniomba nilirudie ili wajukuu wake walisikie. Sikuona mtu aliyenyang'anywa kitu pale, Mzee wangu. Niliona mtu mmoja akirudishwa katika hesabu ya ukoo wake.

Kitu kilichoniumiza mimi ni kingine. Kabla sijaitwa, mtu fulani pale alikuwa ameamua kuipendezesha bunduki. Aliisugua kwa msasa na kuipaka rangi nyeusi ya dukani kuanzia mdomoni mpaka karibu na kilengeo. Mihuri iliyokuwa upande wa juu wa mtutu imefutika kiasi kwamba hata kwa mwanga wa ubavuni naona kivuli tu. Huenda mihuri hiyo ndiyo ingetuambia ni kiwanda gani kilitengeneza mtutu na ni wapi ulikaguliwa, na kwa njia hiyo tungejua kama ulifungwa Afrika Mashariki au mahali pengine. Hilo sasa limepotea. Ziko asidi ambazo wataalamu hutumia kurudisha alama zilizosuguliwa, kwa kuwa chuma kilichogongwa hubanwa hata chini ya alama yenyewe, lakini asidi hula kitu cha kale na sitaigusa bila wataalamu wa makumbusho kuwapo. Naomba kila anayesoma hapa, hata asiyekubali neno langu jingine lolote, asimruhusu mtu kupeleka msasa kwenye bunduki ya kale. Kitambaa kikavu na mafuta mepesi vinatosha.

Niliomba pia kitako kisibadilishwe. Ni cha mninga, kilichongwa na fundi wa huku baada ya kile cha asili kuvunjika, na kimekaa vizuri kuliko vingi nilivyoviona.

Kibao kipya tumekiandika pamoja, mimi, bibi na watunzaji wa chumba, na kimesomwa mbele ya familia kabla ya kupachikwa. Kinasema hivi:

"Bunduki aina ya Lee-Enfield. Mwili ulitengenezwa mwaka 1916. Mtutu ulitengenezwa mwaka 1942, ukafungwa badala ya uliotangulia na kugongwa namba ya mwili. Komeo lina namba tofauti. Kitako ni cha mninga na kilichongwa Lindi. Ilirithiwa katika ukoo kutoka kwa askari wa King's African Rifles wa vita ya pili ya dunia, ambaye mjomba wake alichukuliwa katika vita ya kwanza. Mtutu ulisuguliwa na kupakwa rangi baadaye. Alama nyingine hazisomeki."

Majina yao wawili yameandikwa chini yake kwa ruhusa ya bibi, hapa sitayaweka.

Mwalimu wa Nachingwea, nimeona ujumbe wako. Nitapita huko Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri. Waombe waliokuwa na ile Lee-Enfield inayong'aa wahakikishe kibali chao kipo mezani na mtu wa polisi amearifiwa, nami nitakuja na nta, chaki na tochi mbili.

Binti wa Sudi

Fundi, nimeikuza ile picha ya pili. Mstari wa patasi upo kwenye kiungo cha mtutu na mwili, na upande wa mtutu naona miwili. Naituma usiku huu.

Fundi wa Mikindani

Itume, mwanangu, na utume pia ile yenye taji bila kuipunguza ukubwa. Nitaziangalia kesho mwanga ukiwa mzuri.